Habari za Mwisho wa Msimu, na Kwamba Sikupigwa na Tarumbeta

Sikupigwa na tarumbeta. Naanza na hilo kwa sababu ndilo mnaloniuliza tangu Jumapili asubuhi, na wengine mnauliza mkiwa mmeshacheka kabisa, mnasubiri tu nithibitishe. Tarumbeta lilinigonga bega pikapu ilipokuwa inakata kona za kuteremka Kiwira. Hiyo ni ajali ya barabarani, haihusiani na harusi ya mtu. Anayesambaza kwamba nilikimbizwa kwenye mashamba ya chai huku kamera nimeibeba kichwani ni mpiga picha mwenzangu wa Mwanjelwa, hapa hapa Mbeya, mtu niliyemwazima flashi akakaa nayo mpaka nikasahau kuwa ni yangu. Na mtaona huko mbele kwamba sehemu kubwa ya tukio hakuwepo. Alikuwa anaziba pancha.

Lakini niliahidi habari za kazi msimu ukifika ukingoni, kwa hiyo twende kwa utaratibu. Mnaotaka umbea mtavumilia kidogo.

Msimu ulikuwa mzuri. Huku kwetu mahindi yakishaanikwa na mpunga wa Kyela na Usangu ukishapata mnunuzi, watu wanaoana. Tangu Juni sijaonja Jumamosi ya kulala. Ijumaa sendofu, Jumamosi harusi, Jumapili kipaimara cha mtoto wa mtu ambaye sikuwahi kumaliza kumlipisha harusi yake. Baridi ya mwaka huu mnaijua wenyewe. Betri za kamera kwenye baridi zinakufa upesi, kwa hiyo nilikuwa naziweka kwapani chini ya sweta, nikitembea mikono nimeibana. Bibi mmoja kule Iyunga akanivuta pembeni akaniambia nisione haya, jipu la kwapa lina dawa.

Halafu lenzi. Unatoka nje mvuke unakutoka mdomoni, unaingia ukumbini kuna umati na masufuria ya wali wa moto, lenzi yote inajaa ukungu. Picha za maharusi wanaingia zikatoka nyeupe nyeupe, sura hazionekani vizuri. Nikajiandaa kuomba radhi, mteja akanipigia kunishukuru kwa ubunifu. Wateja watatu waliofuata wakataka "ile ya moshi moshi". Nikaiongeza kwenye orodha ya bei. Msinitazame hivyo.

Agosti nilikuwa Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, na mashine yangu ya kuchapa picha papo hapo. Wakulima wa huku hawataki kupigwa picha na wake zao. Wanataka na ng'ombe wa maonyesho, na wanamshika yule ng'ombe pembe kwa kujiamini hadi mwenye ng'ombe anakuja kuulizia. Sasa hivi Septemba ni upepo na vumbi. Kwa barabara ya njia nne inavyochimbwa, kila nikibadilisha lenzi vumbi linaingia kwenye sensa, ile sehemu ya ndani ya kamera inayopokea picha, kisha usiku nakaa nafuta madoa angani, picha moja baada ya nyingine. Kuna anga la Mbeya humu kwenye kompyuta yangu ni safi kuliko lilivyokuwa siku ya uumbaji.

Upande wa maisha: bado sijaoa. Mama anasema mimi napiga deki nyumba za watu. Shikamoo mama, najua unasoma, nimekuona.

Haya. Jumamosi.

Kazi niliipata kwa simu kutoka kwa mwenyekiti wa kamati. Maharusi wanaishi Dar, walifika usiku wa kuamkia siku yenyewe, kwa hiyo sikuwahi kuonana nao. Bwana harusi nilitumiwa picha yake: kofia, miwani myeusi, ameegemea gari ambalo kwa macho ya mtu mzoefu si lake. Mpango ulikuwa hivi. Dogo langu apige kanisani, mimi nisubiri Mafiati na lenzi ndefu, msafara ukipita nidandie pikapu ya matarumbeta nipige picha za barabarani, tuzunguke mji, kisha bustani moja kule Forest, kisha ukumbini. Alama nilizopewa: gari jeupe lenye utepe wa kijani na dhahabu. Mwenyekiti akamalizia na ujumbe ambao naunukuu neno kwa neno, maana bado ninao na nimeuonyesha kwa wazee wa pande zote: "Usisahau mapacha wa bwana harusi. Wa kike, wadogo. Wamefanana naye mno utawatambua. Mama yao atakuwa nao, amevaa kijani."

Wenzangu wa kazi hii mnajua kijani na dhahabu ndiyo rangi ya mwaka huu. Hakuna harusi ambayo haikuwa kijani na dhahabu. Hata msiba mmoja wa Sae niliona waliokodi maturubai wameletewa ya kijani na dhahabu.

Basi saa nane na ushee nimesimama Mafiati, vumbi hilo, magari yote yamebanwa kwenye mchepuko mmoja. Nasikia matarumbeta. Pikapu hii hapa, imesimama mbele yangu kabisa kwa ajili ya foleni, nyuma yake gari jeupe, utepe wa kijani, utepe wa dhahabu, shela inaonekana kiooni. Mlitaka niombe cheti cha ndoa? Nikadandia. Wapigaji wakanipa mkono, wakanivuta juu, mmoja akasogeza ngoma nikakaa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Kwenye pikapu ya matarumbeta mtu mwenye kamera mbili shingoni haulizwi.

Dogo baadaye aliniambia kwamba aliniona. Yeye alikuwa kwenye msafara wa nyuma, ule wenyewe, akaniona napita juu ya pikapu ya watu nikipunga mkono. Akadhani nasalimia. Akapunga na yeye.

Nikapiga kazi. Nikapandisha kasi ya shata hadi 1/1000 ya sekunde ili mtikisiko wa barabara usiharibu, nikachukua mashavu ya wapigaji yamejaa pumzi, nikachukua watoto wa Sae wanakimbia na msafara. Zile picha, wakubwa, ni kazi bora niliyofanya mwaka huu, na hilo ndilo linaloniuma. Tukapita Nane Nane. Tukafika Uyole. Nikajua tutageuzia pale turudi mjini. Hatukugeuza. Tukakata kulia, barabara ya Tukuyu.

Ngoja, kabla hamjanihukumu. Bibi harusi wangu tangu mwanzo alikuwa anatamani picha za mashamba ya chai, na kamati ilimkatalia kwa sababu ya mafuta ya magari. Kwa hiyo nilipoona tumeshika njia ya Tukuyu nilifurahi kwa niaba yake. Nikajisemea, mapenzi yameishinda bajeti. Hata hivyo nikamuuliza yule anayepuliza tarumbeta kubwa, lile la kujizungushia mwilini, tunakwenda wapi.

"Harusini!" akasema.

"Harusini wapi?"

"Mbele!"

Majibu yote mawili yalikuwa sahihi.

Simu yangu ilikuwa kwenye begi, begi chini ya ngoma, mlio nimezima kwa heshima ya ibada. Huko chini kumbe mwenyekiti alikuwa anapiga mpaka simu ikapata joto. Mimi juu nilikuwa na shati la mikono mifupi, na milima ya Uporoto haina huruma na mtu wa mikono mifupi. Isyonje pale, si mbali na njia ya kupandia Ziwa Ngozi, ukungu ulikuwa umekaa barabarani, meno yananigongana, nikajibanza nyuma ya lile tarumbeta kukinga upepo. Ndipo kwenye kona za mbele likanigonga bega. Hilo ndilo tarumbeta la kwenye hadithi ya mwenzetu. Limeisha.

Tukasimama kabla ya kuingia Tukuyu mjini, kwenye chai. Manyunyu mepesi, maana Tukuyu kiangazi wanakisikia kwenye redio. Mawingu yametandaza mwanga laini, hakuna kivuli usoni kwa mtu, ile hali ambayo mjini unaitafuta kwa miavuli na taa za kukodi. Shida ya chai ni moja, ule ukijani unarudi kwenye gauni jeupe na kwenye ngozi, bibi harusi anaonekana ana homa ya manjano. Nikaagiza watandike kanga nyeupe chini ya miguu yao kuurudisha mwanga. Watu wakaniona huyu fundi. Nikapanda kichwa.

Nilipanga watu, jamani. Nilipanga! "Bwana harusi, mshike mkeo kiuno, hujabeba kreti la soda." "Bibi harusi, kidevu chini, macho kwangu." Kuna mzee mmoja wa kofia alikuwa anasogea sogea nyuma yao, nikamwondoa. Akarudi. Nikamwondoa tena. "Shikamoo mzee wangu, naomba utupishe, hii ni ya familia peke yake." Akaniangalia kwa muda. "Marahaba," akasema. "Huyo binti nimemzaa mimi." Nikamwambia basi asimame kulia, na kofia avue.

Familia ya kike, tayari. Ya kiume, tayari. Wasimamizi, tayari. Kamati ikajipanga, mwenyekiti wao katikati, nikashangaa kidogo mbona sauti yake si ile ya kwenye simu, nikasema baridi. Nikachungulia ule ujumbe kichwani mwangu kuona nini kimebaki.

"Tumebakiza mapacha!" nikatangaza.

Hakuna aliyesogea.

Nikapaza sauti, maana matarumbeta yalikuwa yanaendelea. "Mapacha wa bwana harusi! Wale wa kike! Waje mbele jamani, tusiwasahau!"

Hapa naomba twende polepole. Mimi mwenyewe nikilala ndiyo kasi inayonijia.

Kwanza yakakatika matarumbeta. Hayakuisha vizuri, yalikatika katikati ya pumzi, moja likabaki linatoa mluzi mwembamba kisha nalo likanyamaza. Halafu shangazi mtu, mama wa makamo mwenye kilemba kirefu, akampa mkoba wake mtu wa pembeni bila kumtazama. Halafu bibi harusi akaifunua shela yake kwa mkono wake mwenyewe.

"Kaka," akaniambia, kwa upole kabisa, "umesema mapacha wa nani?"

"Wa bwana harusi, dada yangu. Usijali, ni picha moja tu."

*Usijali.* Nililisema. Dogo ananiita hivyo sasa.

Akamgeukia mumewe. Mumewe akanigeukia mimi. Kwenye ile baridi, yule kijana alitoa jasho, nililiona kwa lenzi yangu ndefu, ile ya 70-200, tone moja kutoka kwenye kipilipili mpaka kwenye tai.

"Mimi?" akasema. "Mimi sina mapacha."

Na mimi, nikidhani kijana kachanganywa na shughuli, nikamsaidia. "Wale wadogo bwana! Wamefanana na wewe mno!"

Nikasikia mtu nyuma akisema "Yesu."

Shangazi akaja hatua mbili. "Mwanangu mpiga picha. Mama yao hao watoto yupo hapa?"

"Anatakiwa awepo, mama. Ndiye amewashika mikono. Amevaa kijani."

Sasa fikirini. Upande mzima wa bwana harusi, wanawake wote, sare ni kijani. Nikaona wameanza kuachiana nafasi. Kila mmoja anasogea pembeni na mwenzake. Dada mmoja mrembo, masikini ya Mungu, sijui hata ni nani, akachomoa kitenge kwenye begi akajifunika kuanzia shingoni mpaka miguuni, na kwa kufanya hivyo macho yote yakahamia kwake, akaanza kulia kwamba yeye ni binamu.

Mzee wa kofia, sasa bila kofia, akauliza swali la kiutu uzima: "Kijana, wewe hao watoto umewaona kwa macho yako?"

"Hapana mzee, nimeelezwa."

"Na nani?"

"Na kamati."

"Kwa hiyo kamati inajua."

"Kamati yote inajua, mzee," nikasema, kwa fahari fulani, kuonyesha jinsi kazi ilivyopangwa.

Mama wa bibi harusi akaketi juu ya chai. Siyo kwenye kiti, juu ya chai yenyewe. Wanakamati wakaanza kutazamana. Mwekahazina akanyanyua mikono yote miwili akasema yeye alikuwa anashughulika na michango tu, mambo mengine hakuambiwa. Hiyo kauli iliharibu zaidi, maana ilionekana kuna waliokuwa wameambiwa. Mwenyekiti wao akawa ananitazama mimi, ananitazama mwekahazina, midomo inacheza, sauti haitoki. Bwana harusi alikuwa ameshapiga goti moja chini kwenye ile kanga nyeupe, anaapa kwa jina la marehemu babu yake. Na Mungu anisamehe, kidole changu chenyewe kikabonyeza. Ipo picha hiyo. Ni nzuri sana. Sitaionyesha mpaka ndoa yao ifikishe miaka kumi.

Ndipo bodaboda ikaja kwa fujo, ikafunga breki, akashuka mwenzetu wa Mwanjelwa, mikono myeusi kwa grisi, kamera mgongoni. Gari lake lilikuwa limepata pancha Igawilo. Akaangalia umati, akaniangalia mimi, akapiga kelele:

"Wewe! Unafanya nini kwenye harusi yangu?"

Sisi wapiga picha tunaelewana tukisema "harusi yangu". Mzee wa kofia hakuelewa. Alichokiona ni mwanamume wa pili, mwenye grisi, anadai harusi ni yake. Akasema kwa Kinyakyusa kitu ambacho sikukidaka chote, ila Kyala, yaani Mungu, alitajwa, na nikaona vijana wawili wanavua makoti.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Begi likatolewa chini ya ngoma, simu ikasomwa kwa sauti mbele ya wazee, mwenyekiti wangu akapigiwa akawekwa kwenye spika hadharani, akaeleza huku anafoka kwamba mapacha ni watoto wa kaka yake bwana harusi wake, na mtoto wa kaka yako ni wako, yeye ndivyo alivyolelewa, na kwani mimi niko wapi. Nikasema Tukuyu. Akakata. Mwenzangu alipiga picha zilizobaki bila kunisemesha. Yule wa tarumbeta kubwa akanipa sweta. Nikapata Noah ya kurudi Mbeya, nimebanwa kati ya ndoo ya parachichi na mama mwenye mikungu ya ndizi, nikaingia ukumbini keki imeshaliwa. Dogo alikuwa amefanya kazi yote, tena vizuri. Malipo yangu yamekatwa, sina la kusema. Mapacha niliwakuta wamelala kwenye viti viwili vilivyounganishwa. Wamefanana na bwana harusi mno. Ningewatambua.

Mngedhani imeishia hapo. Jumatatu shangazi wa kilemba akanipigia, namba sijui kaitoa wapi. Anataka zile picha, amesikia ni nzuri kuliko za mpiga picha wao, tupatane bei. Tukapatana. Kisha hakukata simu. Akashusha sauti. "Mwanangu, mimi ni mtu mzima, sisemi kwa mtu. Hao mapacha wanakaa wapi?"

Na jana bwana harusi wa Tukuyu naye. Anasema nyumbani amani ipo, ila ni ile amani ya kupakuliwa chakula bila kuulizwa kama umeshiba. Mkewe anaamini, mama mkwe anaamini nusu, shangazi haamini kabisa. Anaomba nipeleke picha mwenyewe, kwa mkono, na nikiweza niende na wale mapacha pamoja na baba yao mzazi, waonekane.

Nimeongea na mama wa mapacha. Hajakataa. Anataka nauli ya watu wanne, chakula cha mchana, na magauni mapya ya watoto, maana wanakwenda kwa watu. Rangi amesema kijani. Nimemwomba, nimempigia magoti kwenye simu, wavae yoyote nyingine. Anafikiria.